Wasiwasi Ukikukaba: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kuhamisha Mawazo

Majibu haya ni kwa mtu ambaye wasiwasi wake umepita ule wa kabla ya mtihani: ule unaoingia bila hodi, moyo ukaenda mbio, mtu akashindwa kukaa, kula, wala kusikia anachoambiwa. Mimi si daktari. Ni mtu aliyeishi nao miaka mingi, akasoma alichoweza kusoma na kujaribu mengi, mengine ya kijinga. Maswali nimeyapanga kwa uharaka wake. Anayezama kwanza apewe boya, masomo ya kuogelea baadaye.

Nimebanwa sasa hivi. Nifanye nini?

Nyayo zote mbili chini. Toa pumzi polepole kwa mdomo, kama unayepoza kinywaji cha moto, mpaka iishe. Kisha acha hewa iingie yenyewe puani. Rudia mara tano au sita. Halafu shika kitu chochote kilicho karibu, funguo, kalamu, kopo, na ukieleze kwa sauti kana kwamba unamweleza mtu asiyekiona. Kina baridi au kimeshapata joto la mkono? Kina kona ngapi? Pamekwaruzika wapi? Kimeandikwa nini, na herufi ya mwisho ni ipi? Ukikimaliza, chukua kingine.

Shambulio la hofu kwa kawaida hufika kileleni ndani ya dakika kumi hivi, kisha huanza kushuka lenyewe. Mabaki yake, uchovu na mtetemo, hukaa zaidi. Kwa hiyo huna haja ya kulizima. Unahitaji cha kufanya mpaka lipite, na funguo zinatosha.

Nitajuaje kama ni wasiwasi na si ugonjwa wa moyo?

Mara ya kwanza huwezi kujua, na usibahatishe. Kifua kinachobana na maumivu kusambaa mkononi, kwenye taya au mgongoni, kuzimia, upande mmoja wa mwili kulegea, ulimi kuwa mzito ghafla, pumzi kukosekana bila nafuu: hospitali, saa hiyo hiyo. Hata kama hayo hayapo, kapimwe angalau mara moja. Tezi ya shingoni inayofanya kazi kupita kiasi, upungufu wa damu, sukari kushuka na hitilafu za mapigo ya moyo, vyote huweza kuleta mtetemo na moyo kudunda.

Mimi nilipopimwa na kuambiwa moyo wangu ni mzima niliona aibu, kama niliyemsumbua daktari bure. Haikuwa bure. Tangu siku hiyo, moyo ukianza kudunda, nina jibu la kuupa.

Mbona mwili unafanya hivi wakati hakuna hatari yoyote?

Walter Cannon, mwanafiziolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard, alieleza mwaka 1915 jinsi mwili unavyojiandaa kupigana au kukimbia. Ubongo ukihisi hatari, tezi zilizokaa juu ya figo humwaga adrenalini. Moyo hupiga kwa nguvu ili damu ifike kwenye misuli, pumzi huongezeka, tumbo husimamisha kazi yake, viganja hutoa jasho. Utaratibu huu haungoji ushahidi. Barua pepe ya bosi yenye neno moja tu, "Njoo," inaweza kuuamsha sawasawa na mnyama mkali aliyejitokeza njiani.

Hapo ndipo shida ilipo: mwili umeshapewa nguvu za kukimbia, lakini wewe umekaa kitini unatazama barua pepe. Ndiyo maana kinachouhusisha mwili, yaani kutembea, kupanda ngazi, kubeba, kusugua, hufanya kazi mapema kuliko maneno ya kujifariji.

Kujishughulisha si kujidanganya tu?

Swali hili ndilo zito kuliko yote, na jibu linategemea jambo moja: unahamisha mawazo ili uweze kubaki, au ili utoroke?

Chukua mfano wa foleni. Umesimama, watu kumi wako mbele yako, hofu inapanda. Ukihesabu vigae vya sakafu mpaka zamu yako ifike, umebaki. Ukitoka nje utapata nafuu papo hapo, tena nafuu tamu, lakini ubongo utakuwa umejifunza kwamba foleni ni hatari na kwamba kukimbia ndiko kulikokuokoa. Safari ijayo hofu haitangoja ufike kwenye foleni. Itaanzia mlangoni kwako unapovaa viatu. Nimeona watu, nami nikiwemo, dunia yao ikipungua hivyo: kwanza foleni, kisha basi, kisha simu isiyopokelewa. Kila kimoja kwa wakati wake kilionekana ni tahadhari ya busara.

Kwa hiyo kipimo changu ni hiki. Baada ya dakika ishirini za kujishughulisha, je, ninaweza kurudi kwenye jambo lililonitisha, hata kwa hatua ndogo? Kama ndiyo, nilikuwa napumzika. Kama kila siku nasema "bado kidogo", nimeshaanza kujificha.

Jambo moja la kuongeza: wapo wataalamu wanaotibu hofu kwa kumkutanisha mtu taratibu na kile anachokiogopa, na mara nyingi humwomba asijizuge wakati wa zoezi. Ukiwa kwenye matibabu ya namna hiyo, fuata ya mtaalamu wako, haya yangu weka kando.

Nikijiambia "usiwaze", mbona ndiyo nawaza zaidi?

Kwa sababu ili ujue kama umeacha kuwaza, lazima uchungulie, na ukichungulia umeshawaza. Mwaka 1987 mwanasaikolojia wa Marekani Daniel Wegner na wenzake waliwaambia watu wasimfikirie dubu mweupe, na kila dubu akiwajia wapige kengele. Kengele zililia. Zaidi ya hapo, walioanza kwa kumzuia, walipokuja kuruhusiwa kumfikiria, walimfikiria kuliko wale walioruhusiwa tangu mwanzo.

Ndiyo sababu siku hizi nikimwona mtu ana hofu simwambii "usijali". Namwomba anishikie kitu.

Ni shughuli gani hasa zinafaa?

Inategemea hofu iko ngapi. Jipimie kutoka sifuri hadi kumi, bila kutafakari sana, namba ya kwanza inayokujia.

Ikiwa nane au zaidi, usiguse kitabu. Utasoma mstari mmoja mara sita, kisha utajilaumu kwa kushindwa kusoma. Hapa unahitaji mwili: tembea kwa kasi, panda na kushuka ngazi, sukuma ukuta kwa mikono miwili mpaka mabega yachoke, nawa uso kwa maji baridi. Dakika chache zinatosha kukushusha daraja moja.

Ikiwa kati ya tano na saba, ni zamu ya mikono. Kukunja nguo zilizokauka. Kufungua uzi uliojisokota. Kushona kifungo. Kupanga upya droo moja, moja tu, siyo kabati zima. Kung'oa magugu, kupiga viatu rangi, kuchora mistari inayokatana na kujaza kila kisanduku. Shughuli nzuri ya daraja hili ina sifa tatu: inahitaji macho, ina ugumu wa kadiri, na ina mwisho unaouona. Iliyo rahisi mno huiachia akili nafasi ya kuzurura. Iliyo ngumu mno huongeza hasira juu ya hofu. Kupanga droo ni bora kuliko "kusafisha nyumba", kwa sababu nyumba haiishi.

Kuna sababu ya macho kutajwa. Sehemu ya akili inayoshikilia picha na mipango ya papo kwa papo ni finyu; ukiijaza kwa maumbo na rangi, picha za kutisha hukosa pa kukaa. Mwaka 2009 mwanasaikolojia Emily Holmes na wenzake wa Chuo Kikuu cha Oxford walionyesha watu filamu yenye matukio ya kuogofya, kisha baadhi yao wakacheza Tetris, ule mchezo wa kupanga vipande vinavyoshuka. Wiki iliyofuata, waliocheza walirudiwa na picha za filamu ile mara chache kuliko ambao hawakucheza. Jaribio lilihusu picha zinazojirudia, siyo kila aina ya wasiwasi, lakini linaeleza kwa nini fumbo la vipande au ufumaji humshika mtu kuliko redio inayonguruma pembeni.

Ikiwa nne kushuka chini, fanya upendacho: kitabu, muziki, kumpigia rafiki na kuzungumza mambo yake badala ya yako, kujifunza wimbo kwa moyo. Hapa sina la kukufundisha.

Maji ya baridi usoni yanasaidiaje?

Uso ukiguswa na maji baridi huku umezuia pumzi, mapigo ya moyo hupungua. Ni itikio la asili la mwili unapozama majini. Jaza beseni, vuta pumzi, zamisha uso kwa sekunde kumi na tano hadi thelathini, inuka. Usipokuwa na beseni, bandika kitambaa kilicholowa maji baridi machoni na kwenye mashavu. Mwenye ugonjwa wa moyo, au ambaye mapigo yake huenda polepole kuliko kawaida, asifanye kabla ya kumuuliza daktari.

Nikijaribu kupumua kama nilivyofundishwa, ndiyo nazidi. Nina kasoro?

Huna. Kwa wengine kuielekeza akili kwenye pumzi ni kama kuambiwa uangalie namna unavyotembea: ghafla miguu inasahau kazi yake. Kosa la kawaida ni kuvuta hewa nyingi sana. Ukihema kupita mahitaji, kaboni dayoksaidi hupungua mwilini, vidole huanza kuwasha na ganzi, kichwa huwa chepesi, na wewe unadhani unakosa hewa, hivyo unavuta zaidi. Shughulikia kutoa tu. Hesabu nne ukivuta, sita ukitoa, na hewa iwe kidogo. Ikishindikana, imba. Mtu anayeimba hutoa pumzi ndefu bila kujua. Au soma kwa sauti kitu unachokijua kwa moyo: shairi la shuleni, sala, majina ya wachezaji wa timu yako.

Ule ushauri wa kupumulia ndani ya mfuko wa karatasi uache. Ni wa zamani, na kama tatizo kumbe ni pumu au moyo, unaweza kumdhuru mtu.

Niko kazini, au kwenye mkutano. Siwezi kupanda ngazi wala kuimba.

Tumia kisichoonekana. Bana vidole vya miguu ndani ya viatu kwa sekunde tano, achia kwa kumi. Kisha mashavu ya miguu, kisha mapaja. Njia hii ya kukaza na kulegeza misuli kwa zamu ilitokana na kazi ya daktari Edmund Jacobson wa Marekani, miaka karibu mia iliyopita, na bado inafundishwa. Au anzia 100 ukitoa saba saba: 93, 86, 79. Ukikosea, vizuri, maana yake ulikuwa unahesabu kweli. Au andika neno kwa neno anachosema msemaji, utaonekana mfanyakazi hodari.

Ukizidiwa, toka uende msalani, jipe dakika tano, rudi. Kurudi ndiko kunakofanya kutoka kusiwe kutoroka. Ukiwa unaendesha gari ni tofauti: usijaribu mbinu yoyote, egesha kwanza mahali salama.

Na ile ya vitu vitano, vinne, vitatu?

Unataja vitu vitano unavyoviona, vinne unavyovigusa, vitatu unavyovisikia, viwili unavyovinusa, kimoja unachokionja. Inafaa. Wengi huiharibu kwa kuikimbiza kama orodha ya majina darasani. "Ukuta, taa, mlango" haitoshi. "Ukuta wenye ufa unaoanzia kwenye swichi" ndiyo yenyewe.

Unanijia usiku, kila mtu amelala. Nifanyeje?

Ukiona umegeuka-geuka kama dakika ishirini hivi, toka kitandani. Usitazame saa, kadiria tu. Kitanda kikizoea kuwa mahali pa kuhangaikia, kitakuamshia hangaiko hata siku ulizotulia. Nenda chumba kingine, washa taa hafifu, fanya jambo la kuchosha kidogo, rudi usingizi ukija.

Nakumbuka usiku mmoja, saa tisa, nimesimama jikoni nikiosha kikombe ambacho hakikuwa kichafu. Maji ya vuguvugu. Ukingoni kikombe kile kimemeguka, pengo la ukubwa wa kichwa cha kiberiti, na kila kidole gumba kilipopita hapo kilikwama kidogo, nami nikajikuta nasubiri kikwame tena. Nilikizungusha labda mara kumi na tano. Nilipofunga bomba ndipo nilipogundua kwamba taya limelegea. Nilikuwa nimeuma meno tangu nilipoamka. Hofu ilikuwa bado ipo, lakini ilikuwa imehamia chumba cha pili. (Anayesumbuliwa na msukumo wa kuosha-osha asiouweza kuuzuia, achague kitu kingine kabisa.)

Simu je? Nikiperuzi hutulia.

Hutulia kweli, au huganda? Kuperuzi hakuna mwisho, na hujui kinachofuata: picha ya harusi, ajali, mtu anayegombana, dalili za saratani. Ni vigumu kuita hilo pumziko. Simu inaweza kufaa ikiwa umeipa kazi moja yenye mpaka, mchezo wa dakika kumi, picha za zamani za kufuta, simulizi moja ya kusikiliza. Kutafuta dalili zako kwenye intaneti ndiyo tabia ninayoikataza bila masharti. Sijawahi kumaliza kutafuta nikiwa na wasiwasi mdogo kuliko nilioanza nao.

Mambo yenyewe ninayoyahofia ni ya kweli: deni, ugonjwa, kesi. Nitayakwepa mpaka lini?

Usiyakwepe, yapangie saa. Mwanasaikolojia wa Marekani Thomas Borkovec na wenzake walieleza mbinu hii mwaka 1983: unatenga nusu saa ile ile kila siku, mahali pale pale, ya kuhofia. Hofu ikija saa nyingine, unaiandika kwa maneno machache na kuiambia isubiri. Saa ikifika unakaa na karatasi yako na kuhofia kwa dhati, ukiulizia kila mstari: kuna hatua ninayoweza kuchukua? Ipo, andika siku na saa ya kuichukua. Haipo, pitia ulio chini yake. Usiifanye karibu na muda wa kulala.

Kwa wiki ya kwanza nilidhani ni upuuzi. Kisha nikaanza kukuta nusu ya mistari niliyoandika asubuhi sielewi tena ilikuwa inahusu nini.

Ni njia zipi nisizitumie kabisa?

Pombe. Hutuliza kwa saa chache, kisha mwili unapoiondoa wasiwasi hurudi na riba. Sigara vivyo hivyo. Sehemu ya utulivu wake ni kiu ya nikotini iliyokatwa. Dawa za usingizi au za kutuliza za mtu mwingine, hata kama amekupa kwa upendo. Kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu si njia ya kutulia, lakini vinastahili kutajwa: kafeini huweza kuchochea mashambulizi kwa wenye tabia ya kuyapata, na nusu yake huwa bado mwilini takriban saa tano baadaye.

Kuna pia kuomba uhakikisho. "Una hakika niko sawa? Kweli?" Mara ya kwanza ni haki yako. Mara ya saba jioni ile ile, jibu limeshaacha kufanya kazi na unayemuuliza amechoka.

Na kujiumiza: kujifinya, kujikwaruza, kujipiga kwa mpira wa elastiki uliovaliwa mkononi. Hisia kali hutuliza kwa muda, ndiyo, lakini barafu kiganjani hutoa hisia kali bila kukuzoesha kujidhuru. Ikiwa umeshaanza kujiumiza, mwambie mtu wiki hii.

Nitafute msaada lini?

Wasiwasi ukichukua siku nyingi kuliko unazoziacha huru, ukikosesha kazi, usingizi au watu wako, au ukijikuta unapanga maisha kwa kukwepa unachokiogopa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 301 walikuwa na magonjwa ya wasiwasi. Hutakuwa kioja kwa daktari yeyote. Tiba ya kisaikolojia inayofanyia kazi fikra na matendo ina ushahidi mzuri. Dawa pia zipo. Nyingi za zile ambazo mtu hupewa kwanza huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha nafuu, na wapo wanaoziacha mapema wakidhani zimeshindwa. Usiziache bila kumwambia aliyekuandikia.

Ikiwa mawazo ya kufa au kujiua yamekuja, haya yote hayatoshi. Usikae peke yako. Mwite mtu aje ulipo, au nenda kitengo cha dharura cha hospitali iliyo karibu, na useme kwa maneno hayo hayo.

Ndugu yangu hupatwa mbele yangu. Nimsaidieje?

Shusha sauti. Kaa kimo chake, ubavuni badala ya mbele, uache njia ya kutokea ikiwa wazi. Usimshike bila kumuuliza. Sema machache: "Niko hapa. Itapita. Nitakaa." Usimtajie orodha ya mbinu zote ulizosoma hapa, chagua moja, na muifanye pamoja. Mimi hupenda kumpa mtu kazi: "Hebu nisaidie kufungua hii mkufu, imejifunga." Nina cheni moja kuukuu ambayo huwa naikunja makusudi mfukoni, kwa ajili hiyo tu. Mdogo wangu aliwahi kuifungua yote, akanirudishia, akasema, "Hii umeifunga mwenyewe." Nikamwambia ndiyo. Akaikunja tena, akaanza upya.